Maji ya Vuguvugu Chini ya Msingi

Mama Koki aliingia chumba cha mahojiano amenyoosha shingo kama mtu anayekwenda kupokea tuzo. Alikuwa amelala mahabusu kwenye sakafu tupu, lakini kilemba chake kilikuwa kimefungwa sawasawa. Akavuta kiti mwenyewe, akakaa, akaweka mikono mezani. Mikono yenyewe ilikuwa mikubwa, yenye sugu, kucha zimekatwa fupi.

Upande wa pili alikaa Inspekta Sindano. Jina hilo walimbandika wenzake kituoni, kwa kuwa maswali yake yalikuwa membamba, na mtu alishtukia tu ameshachomwa. Pembeni, Koplo alikuwa tayari kuandika maelezo.

Kesi yenyewe ilikuwa bado mbichi. Jana asubuhi, kona ya jengo jipya la kliniki ya wazazi ilizama ghafla. Ukuta ukapasuka toka chini hadi juu, na linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, ikaporomoka. Muuguzi mmoja alikuwa anapita pale na kichanga kilichozaliwa alfajiri hiyo hiyo. Alijikunja juu ya mtoto, zege likamwangukia yeye. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Muuguzi alipelekwa hospitali kuu, bega limesagika, na daktari hakutaka kuahidi kama mkono ule utabeba mtoto mwingine.

Kabla vumbi halijatulia, msimamizi wa ujenzi alikuwa keshafika kituoni. Alikuwa mdogo wake mkunga mwenye kliniki, na alisema fundi bomba ndiye aliyetoboa msingi kupitisha bomba lake na kulitia jengo ulemavu. Fundi bomba huyo alikuwa Mama Koki.

"Mama," Sindano alianza, "unajua kwa nini uko hapa?"

"Ninachosingiziwa nakijua. Kwa nini niko hapa, mtaniambia nyinyi."

"Ulipitisha bomba kwenye msingi wa lile jengo?"

"Nilipitisha."

Koplo akainua kichwa. Alikuwa hajawahi kuandika ungamo la haraka kiasi kile.

"Kwa hiyo unakiri."

"Afande, kila nyumba yenye maji ina bomba lililopita kwenye msingi. Maji hayaruki dirishani. Usiniulize kama nilipitisha, niulize nilipitisha vipi."

"Haya. Vipi?"

Mama Koki akainua mkono mmoja, akaukunja kama anashika gilasi, akapitisha kidole cha mkono wa pili katikati.

"Kabla zege halijamwagwa, naweka kipande cha bomba pana pale ambapo bomba langu litapita. Mimi nakiita ala. Kisu kina ala yake, na bomba lina ala yake. Zege linamwagwa, linaizunguka ala, linakauka. Ndipo napitisha bomba jembamba ndani, na nafasi inayobaki naijaza kitu laini. Jengo jipya lazima likae kitako, lishuke kidogo. Likishuka, bomba langu linapumua ndani ya ala yake. Halibanwi."

"Na asiyeweka ala?"

"Zege linalibana bomba mpaka linakatika. Maji yanatoka, yanakula udongo chini, kona inazama. Ndiyo hayo yaliyotokea. Ila si kwa bomba langu."

"Kila niliyemweka kwenye kiti hicho aliniambia si yeye."

"Na mimi sikuombi uniamini. Kachimbe. Tundu langu utalijua tu, ndani ni laini kama kikombe. Ukikuta tundu lenye meno, lililochongwa kwa tindo, huo si mkono wangu. Na mabomba yangu yote mle ni meusi."

Sindano akamtazama. Mwanamke yule hakupepesa macho.

"Nje yupo mumeo, anataka kukuwekea dhamana."

"Nimeshamwambia arudi nyumbani akalale. Sitoki hapa kwa mlango wa uani, Afande. Nitatoka ukweli ukishajulikana."

Sindano akafunga jalada. Maneno yalikuwa mazuri, lakini alishakutana na waongo wenye shingo ndefu kuliko ile.

"Koplo," alisema, "tafuta watu wa kuchimba. Na umwite mhandisi wa baraza."

* * *

Kwenye kliniki, mama wajawazito walikuwa wamehamishiwa jengo la zamani, na wauguzi walipishana uani na ndoo za maji. Kona iliyozama ilikuwa imeegemezwa magogo. Vibarua walichimba polepole, na Mhandisi, mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira, alisimama juu yao kama mama anayeangalia watoto wanaokaribia moto.

Mkandarasi alikuwa hapo pia. Jua lilikuwa bado changa, lakini jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

"Ulimwona Mama Koki akitoboa msingi?" Sindano alimuuliza.

"Kumwona, sikumwona. Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na Mjomba."

Mjomba ndiye yule mdogo wake mkunga. Wauguzi wote walimwita mkunga Mama, na kwa hiyo mdogo wake akawa Mjomba wa kliniki nzima.

"Na mbona unatoka jasho hivyo?"

"Joto, Afande."

"Mimi nasikia baridi."

Sindano hakumwachia. Alishaona majengo yaliyoanguka kwa sababu nondo za msingi ziliishia kwenye ujenzi wa nyumba ya mkandarasi mwenyewe, na dalili za mtu wa namna hiyo alizijua. Akamgeukia Mhandisi.

"Hesabu nondo. Kama kuna hata moja pungufu, nampakia huyu kwenye gari sasa hivi."

Mhandisi akashuka shimoni na mchoro wa jengo mkononi. Akapangusa udongo, akapima, akahesabu, akarudia. Mkandarasi aliacha kabisa kujifuta.

"Nondo ziko kamili," Mhandisi alisema hatimaye. "Unene sahihi, nafasi sahihi. Zege nalo zuri. Huyu bwana alijenga vizuri."

Mkandarasi akaketi chini kwenye udongo kama gunia lililofunguliwa kamba.

"Miaka yote hii sijaangusha hata banda la kuku," alisema. "Jana niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza, ni wewe? Ndiyo jasho langu hilo, Afande."

"Basi jifute," Sindano alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na ncha.

"Lakini njoo uone hapa," Mhandisi akaita.

Sindano akavua viatu, akakunja suruali, akateremka. Tundu la kwanza lilikuwa usawa wa goti. Ndani yake bomba jeusi lilipita katikati ya bomba pana zaidi. Mhandisi akalishika, akalitikisa kidogo, nalo likacheza. Pembeni palikuwa pakavu. Sindano akaingiza kidole na kupapasa ukingo. Laini kama kikombe.

La pili lilikuwa hatua chache kando, chini kabisa kwenye mkanda wa zege ulioshika kona nzima. Hilo lilikuwa na meno. Limechongwa, limelazimishwa, na ndani yake bomba la kijivu lilikuwa limebanwa kwa saruji iliyopakwa ovyo kwa haraka. Bomba lenyewe lilikuwa limekatika pale pale kwenye kiungo, na chini yake udongo ulishaliwa, pamebaki pango.

"Nondo zimekatwa," Mhandisi alisema. "Tazama ncha zake, ziko uchi, sawasawa na ukingo wa tundu. Zingekatwa kabla ya kumwaga zege, zege lingezifunika. Huyu alikuja na grainda, mashine ya kukatia chuma, wakati zege limeshakauka. Amekata mshipa wa jengo."

"Mama Koki angeweza kurudi baadaye akakata."

"Angeweza yeyote mwenye grainda."

Sindano akachuchumaa. Kwenye pango lile palikuwa na maji, na kutoka mdomo wa bomba la kijivu yalikuwa bado yanachuruzika.

"Koplo! Maji ya kliniki umefunga?"

"Tangu jana, Afande. Koki ya barabarani nimeifunga mwenyewe. Huoni wauguzi wanahangaika na ndoo?"

"Sasa haya yanatoka wapi?"

Akatia mkono majini. Akautoa, akautia tena. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Akanusa vidole vyake. Sabuni.

"Dada!" alimwita muuguzi aliyekuwa anapita. "Hapa maji ya moto mnapata wapi?"

"Jikoni, Afande, kwa sufuria. Mashine ya kuchemshia Mama amesema mpaka mwakani."

Sindano akapanda juu. Akatazama upande bomba la kijivu lilikotokea. Lilielekea ukutani kwa jirani, na juu ya ukuta ule ulipanda mvuke mweupe.

"Funikeni shimo lote kwa turubai," aliamuru. "Asiruhusiwe mtu kuchungulia. Vibarua na mkandarasi wakae stoo, wanywe chai, na asitoke mtu."

Koplo akazunguka na kofia yake, akakusanya simu za wote kama mtu anayechangisha mchango wa harusi.

* * *

Kwa jirani palikuwa kwa dobi. Mashine kubwa ziliunguruma, mashuka ya hoteli yaliningʼinia kila mahali, na mzee mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe alikuja kuwalaki kwa heshima zote.

"Karibuni, karibuni. Hizo suruali zenu za matope ziacheni hapa, jioni mtazichukua."

"Asante, mzee. Maji yako machafu yanakwenda wapi?"

"Kwenye shimo langu, nyuma kule."

"Tulione."

Tabasamu la mzee likapungua kidogo. Koplo alipoinua mfuniko, tope la ndani lilikuwa limejaa hadi juu, limekauka na kupasukapasuka. Shimo lile lilikuwa halijaonja maji siku nyingi.

Sindano alichukua pakiti ya bluu ya kufulia kwenye rafu, akampa Koplo. "Mimina yote kwenye mfereji wa mashine." Kisha akatoka mbio, akazunguka ukuta, akaingia kliniki, akainua pembe ya turubai. Mhandisi alikuwa amechuchumaa pale akilinda.

Hawakungoja sana. Kwanza yalitoka maji ya kijivu, yakafuatwa na povu. Baada ya povu ikaja bluu, nzito, ikatambaa chini ya msingi kama wino.

Aliporudi, dobi alikuwa keshakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nani aliweka lile bomba, mzee?"

"Mkwe wangu mtarajiwa. Anamposa binti yangu. Shimo langu lilijaa, nikaenda kumwomba mkunga niunganishe kwenye njia yake ya maji machafu, akakataa, akasema njia yake haitabeba. Baadaye kijana akaniambia, baba, nimezungumza na dada, amekubali. Alikuja na wenzake siku dada yake yuko safarini kwenye mafunzo, wakafanya kazi siku hiyo hiyo. Mimi nikajua nimepata mkwe wa maana."

"Mkwe huyo ni nani?"

"Si ndiye huyo huyo Mjomba wenu!"

Koplo akapiga mluzi. Sindano alimkata jicho.

"Neno la mtu mmoja," alimwambia wakiwa njiani. "Mzee anaweza kuwa anarusha mpira tu. Nataka nilisikie kwa mwenyewe."

* * *

Ofisi ya mkunga ilikuwa ndogo, na ukuta mzima umejaa picha za watoto aliowazalisha, wengine sasa watu wazima wenye ndevu. Mkunga mwenyewe alikaa nyuma ya meza, mrefu, nywele za mvi, sare nyeupe isiyo na kunyanzi. Mjomba alisimama karibu na dirisha ameshika chupa ya chai. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kumwona muuguzi hospitalini.

"Anaendeleaje?" Sindano aliuliza.

"Anasikia maumivu," Mjomba alisema. "Lakini anacheka. Anauliza mtoto amepewa jina gani."

"Wamempa jina lake yeye," mkunga alisema, na kidevu chake kikapanda kidogo. "Huyo ndiye muuguzi niliyemfunza mwenyewe."

Sindano akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyechoka.

"Mjomba, nisaidie nimalize kazi hii. Mama Koki ni mbishi. Anasema tundu lake ni lile la juu, lenye bomba jeusi. Mimi si fundi, nachanganyikiwa."

"Anakuchezea, Afande. La juu ni la kukuonyesha tu. Aliloharibu ni la chini, lile la bomba la kijivu. Amechonga mkanda, amekata nondo, kisha amesiliba na saruji."

Koplo aliacha kuandika.

"Bomba la kijivu," Sindano akarudia taratibu. "Umeliona lini?"

"Si... si limechimbwa leo asubuhi?"

"Limechimbwa wewe ukiwa hospitali. Tangu hapo liko chini ya turubai. Waliochimba nimewafungia stoo, na simu zao ziko ndani ya kofia ya Koplo. Mimi sijamwambia mtu rangi yake. Wala habari za nondo. Wala za saruji. Nani amekuambia?"

Mjomba akautupia jicho mlango.

"Maji tumeyatia bluu kwa baba mkwe wako," Sindano aliendelea, "na bluu imetokea chini ya jengo la dada yako. Ana habari zako nyingi, yule mzee."

Mjomba akaweka chupa chini. Alimgeukia dada yake, si polisi.

"Dada, nilitaka tu mzee anikubali. Kila nikienda pale aliniuliza, wewe unaweza nini? Nikasema hili naliweza. Sikujua kona itashuka. Lilipoanguka nikaogopa. Mama Koki amezoea shida, nikadhani..."

"Ulidhani nini?" mkunga aliuliza.

Mjomba akapiga goti mbele ya meza.

"Dada, sema tu kwamba ulikubali. Neno moja. Ukisema uliruhusu, inakuwa ajali, inaishia hapa. Mimi ni mtoto wa mama yako. Umenilea mwenyewe."

Sindano hakuingilia. Alijua neno lile likitamkwa, nusu ya kesi yake itayeyuka, maana mwenye nyumba akisema aliruhusu, nani wa kumbishia? Koplo alimwangalia mkunga.

Mkunga akasimama. Alichelewa kusimama kidogo, kama watu wa umri wake, lakini alipomaliza kunyooka alikuwa mrefu kuliko wote chumbani.

"Andika, Koplo," alisema. "Andika polepole, usikosee. Dobi wa jirani alikuja kuniomba, nikamkatalia. Mdogo wangu alijua nimekataa, nilimwambia kwa kinywa changu. Sikuruhusu, sikuambiwa, sikujua." Akavuta pumzi. "Andika pia kwamba nimemlea mimi, tangu mama yetu alipofariki. Mama zaidi ya elfu wamejifungua mikononi mwangu, na hapana hata mmoja niliyemdanganya. Sianzi leo, wala sianzi kwa ajili yake."

"Dada!"

"Nyanyuka. Mtoto wa mama yangu hapigi magoti kuomba uongo. Nyanyuka, nenda na Afande ukaseme yote kwa sauti. Nitakuletea chakula kila siku. Lakini utasema yote."

Mjomba akanyanyuka. Koplo alipomfunga pingu, mkunga alimnyoosha kola ya shati, akarudi kukaa. Kalamu aliyoshika kutia saini maelezo yake haikutikisika hata kidogo. Sindano alimpigia saluti, jambo ambalo Koplo alikuwa hajamwona akimfanyia raia yeyote.

* * *

Mlango wa mahabusu ulipofunguliwa, Mama Koki alikuwa amesimama tayari, kana kwamba alikuwa akingoja gari lililochelewa.

"Ulichimba?" aliuliza.

"Nilichimba. Tundu lako ni laini kama kikombe."

"Najua."

"Aliyefanya amekiri. Mkunga amekutumia salamu. Anasema kona ikirekebishwa, mabomba yote yatapita mikononi mwako, na mtu mwingine asiguse. Na kituo kinakuomba radhi, mama. Mimi mwenyewe nakuomba radhi."

Mama Koki akaipima radhi ile kichwani, kama anayepima kiungo kabla ya kukikaza. Akaitikia kwa kichwa.

"Na muuguzi?"

"Ameinua vidole leo. Daktari anasema ni dalili nzuri."

"Alhamdulillahi." Akafunga kilemba upya, akakaza. "Basi mimi naenda."

"Gari liko nje. Koplo atakufikisha mpaka mlangoni."

"Sitaki gari lenu."

"Ni mbali, mama, na jua kali."

"Afande, jana mlinitoa mtaani kwa gari hilo, mchana kweupe. Duka la vifaa watu walitoka nje. Mashoga zangu walitoka nje. Watoto niliowaungia maji nyumbani kwao walikimbia nyuma ya gari wakiniita mwizi. Leo narudi kwa miguu, na mchana kweupe vilevile. Nataka kila aliyetoka nje jana atoke na leo."

Sindano akamtazama. Kisha akachukua kofia yake mezani, akaivaa, akaiweka sawa mbele ya kioo cha dirisha. Akafunga vifungo vya koti hadi juu, akapangusa matope kwenye suruali yalipopangusika.

"Koplo, baki na jalada," alisema. "Tunakwenda wote, mama."

Wakatoka kwa mlango wa mbele, wakashuka ngazi, wakaingia barabarani bega kwa bega. Walipolikaribia duka la vifaa, muuzaji alikuwa anapanga mabomba nje. Akawaona, akasimama. Kisha akageuka, akawaita wa ndani.